Modeli inayumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maungio yasiyotulia

Ukurasa huu ulianza kama karatasi iliyobandikwa ukutani, jirani na printa, katika ofisi yetu ndogo ya uhandisi hapa Nyakato, Mwanza. Kila kijana aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo alikwama palepale: anachora ghala zuri, anabonyeza kitufe cha kuchambua, programu inamrudishia onyo jekundu kwamba muundo hautulii. Anakuja mezani kwangu, najibu lilelile nililomjibu mwenzake mwezi uliopita. Karatasi ikajaa, ikawa kurasa. Wengi wetu tunatumia STAAD.Pro, SAP2000, ETABS, Robot au RISA-3D. Majina ya vitufe yanatofautiana, ugonjwa ni mmoja.

Maneno machache kwanza. Nodi ni pale memba zinapokutana. Memba ni boriti, nguzo, bresi (kipande, aghalabu cha mshazari, kinachozuia fremu isiyumbe), au kipande chochote cha kenchi. Bawaba ni mwisho wa memba ambao wewe mwenyewe umeuachia uzunguke usibebe momenti, yaani nguvu ya kupinda au kuzungusha. Tegemeo ni pale muundo unaposhikwa na ardhi.

Programu inasema muundo hautulii. Nimechagua chuma chembamba?

Hapana, na hili ndilo kosa la kwanza la karibu kila mtu. Anaona onyo, anaongeza ukubwa wa nguzo, anachambua tena, onyo liko palepale. Anaongeza tena. Mwisho ana ghala la kuku lenye nguzo za kubebea daraja, na bado haliendi.

Chukua mlango wa mninga, mnene kiasi upendacho. Mtoto anaufungua kwa kidole. Mbao hazina udhaifu wowote. Bawaba ziliwekwa ili mlango ufunguke. Modeli yako ina mlango wa namna hiyo mahali fulani, na hukukusudia ufunguke. Katika modeli ya pande tatu kila nodi ina njia sita za kujongea: kwenda huku na huku kwa mihimili mitatu, na kuzunguka kwa mihimili hiyohiyo mitatu. Katika modeli ya bapa zinabaki tatu. Kila njia lazima iwe na kitu kinachoipinga. Ikikosekana hata moja, programu inapotatua milinganyo inajikuta inagawa kwa sifuri, au kwa namba ndogo kiasi cha kufanana na sifuri. Ukubwa wa chuma haubadilishi hilo, maana sifuri ukiizidisha kwa kumi inabaki sifuri.

Mbona imetoa majibu? Ilionya tu, haikukataa.

Hapa ndipo hatari ilipo. Afadhali programu inayogoma.

Baadhi ya programu zinakuwa na huruma isiyoombwa. STAAD.Pro ikikuta njia isiyo na mpinzani inaweka yenyewe springi dhaifu hapo na kukuachia ujumbe kwenye faili la matokeo. RISA-3D hufunga mzunguko wa nodi isiyoshikwa na kitu. SAP2000 hukuambia imepoteza tarakimu ngapi za usahihi. Huo wa mwisho ni ujumbe mzuri kuliko watu wanavyodhani: kompyuta inabeba tarakimu 15 au 16 zenye maana kwa kila namba, kwa hiyo ikipoteza 12 zimebaki tatu au nne, na hizo ndizo unazotaka kuchagulia bolti.

Fanya mambo mawili kabla hujaangalia kingine chochote. Kwanza, angalia msogeo mkubwa kuliko yote. Kijana mmoja aliniletea jedwali lenye msogeo wa milimita 8.5 zikizidishwa na kumi kwa kipeo cha nane. Nikamwambia abadilishe iwe kilomita. Zilikuwa 850. Nodi ya paa la duka la Buhongwa ilikuwa imefika Dar es Salaam, na yeye tayari alikuwa ameshachora mchoro wa msingi. Pili, jumlisha mizigo yote uliyoweka, kisha jumlisha majibu yote ya mategemeo, yaani nguvu zinazorudishwa na ardhi, ulinganishe. Umeweka kilonyutoni 412 na mategemeo yamerudisha 397? Hizo 15 zimebebwa na springi ambayo haitakuwepo saiti.

Sawa, nianzie wapi kutafuta?

Soma ujumbe mpaka mwisho. Karibu programu zote zinataja namba ya nodi na mwelekeo. FX, FY na FZ ni kusogea. MX, MY na MZ ni kuzunguka. SAP2000 na ETABS zinaandika U1 hadi U3 na R1 hadi R3. Usichanganye mihimili: STAAD.Pro kwa kawaida inahesabu Y kuwa ndiyo juu, wakati SAP2000 na ETABS juu ni Z. Faili likihama kutoka moja kwenda nyingine, mtu anaweza kutafuta nguzo inayozunguka kumbe ni boriti inayolala.

Usiamini namba ya nodi asilimia mia. Programu inataja nodi ambapo hesabu *ilikatika*, na mara nyingine hiyo ndiyo nodi ya mwisho tu katika mnyororo mzima unaolegea. Fremu nzima ikiwa inaangukia upande wa ziwa, itatajwa nodi moja ya kona.

Kisha fanya jaribio hili, ambalo kwangu ni bora kuliko yote. Hifadhi nakala ya faili, halafu katika nakala hiyo ondoa bawaba zote, kila memba ishike kila nodi. Chambua. Ikitulia, shida ni bawaba. Zirudishe kundi kwa kundi, papi (zile zinazobeba bati) kwanza, kisha bresi, kisha boriti, mpaka onyo lirudi. Kundi lililolirudisha ndilo lenye kosa. Kama haikutulia hata bila bawaba, acha kuziangalia kabisa: ama memba hazijashikana, ama mategemeo hayatoshi. Jaribio la dakika tano linakukatia nusu ya msitu.

Njia nyingine ni kuiomba programu ichambue mitetemo ya asili. Umbo la kwanza lenye muda mrefu ajabu, sekunde mia tatu kwa mfano, ukiliangalia likicheza kwenye skrini utaona mlango wako ukifunguka waziwazi. Kama inakataa hata hilo, weka springi ndogo kwa muda ili upate kuangalia, kisha uzitoe.

Fremu ina nguzo mbili na boriti moja. Inawezaje kukosa kutulia?

Kwa bawaba nne. Watu wanaweka bawaba chini ya nguzo zote mbili kwa sababu msingi ni mdogo, halafu wanaweka bawaba pande zote mbili za boriti kwa sababu mwalimu alisema boriti ya kawaida ni bawaba na bawaba. Kila uamuzi peke yake una akili. Pamoja vinakunja fremu kama kitanda cha kukunja.

Hesabu yake ni fupi, kwa muundo bapa. Zidisha memba kwa tatu, ongeza idadi ya majibu ya mategemeo. Linganisha na nodi mara tatu pamoja na idadi ya bawaba za ndani. Hapa memba ni 3, majibu ni 4, yaani mawili kwa kila tegemeo la bawaba: 9 na 4 ni 13. Upande wa pili nodi ni 4, bawaba za ndani 2: 12 na 2 ni 14. Umepungukiwa na moja, na hiyo moja ndiyo inayoanguka. Kaza miguu ya nguzo zote mbili, majibu yanakuwa 6, jumla 15, umevuka. Au acha miguu ibaki bawaba na ukaze maungio ya juu: 13 kwa 12. Au weka bresi moja ya mshazari.

Hesabu ikitosha bado si cheti. Inaweza kutosha kwa jumla huku ghorofa ya chini imeshikwa mara mbili na ya juu haijashikwa na kitu. Ila ikipungua, huna haja ya kufungua kompyuta.

Kenchi yangu kila memba ina bawaba pande zote, kama tulivyofundishwa. Kila nodi inaonywa.

Kitabuni kenchi haina mzunguko wa nodi kabisa. Nodi ni alama tu ya kalamu. Ndani ya programu, nodi ni kitu chenye njia sita. Memba zote zikiwa zimejiachia, nodi yenyewe inabaki kama shanga kwenye uzi, inazunguka pale ilipo na hakuna anayeizuia. Onyo la namna hii halina madhara kwa nguvu za memba, lakini linafukia maonyo ya kweli. Ukiwa na mia mbili ya nodi zinazozunguka, hutaliona lile moja la nodi inayosogea.

Dawa: mwache mmoja aishike nodi. Fanya kamba ya juu na kamba ya chini, yaani memba ndefu za juu na chini ya kenchi, ziwe endelevu bila bawaba njiani, kwa sababu hata saiti fundi hazikati kila nodi, halafu weka bawaba kwenye vipande vya katikati tu. Au tumia aina ya memba ya kenchi ambayo programu inaijua, ile isiyo na mzunguko tangu mwanzo.

Kuna la pili. Umechora kenchi moja peke yake katika modeli ya pande tatu? Basi inaanguka ubavu. Hakuna papi, hakuna kenchi jirani, hakuna bresi ya paa. Chagua muundo bapa, au zuia nodi zisitoke nje ya ubapa pale tu ambapo papi zitakuwepo kweli. Ukizuia kila nodi ya kamba ya chini ilhali huku chini hakuna kitakachoishika, upepo ukiinua bati siku ya dhoruba ya ziwani kamba hiyo itabanwa na kujipinda, na modeli yako haikusema neno.

Kwenye skrini memba zimegusana. Programu inasema hazijashikana.

Macho yanadanganya. Miaka kadhaa iliyopita nilikesha na ghala moja la Igoma. Modeli ililetwa kutoka kwenye mchoro wa mchora ramani, mistari yote safi. Boriti moja ya kreni ilikuwa inaanguka peke yake, ukiikuza unaona imegusa nguzo. Umeme ukakatika, nikabaki na betri ya kompyuta mpakato na hasira. Nikaanza kusoma koodineti kwa namba badala ya kuangalia picha. Nguzo ilikuwa na nodi kwenye mita 4.000. Boriti ilianzia 3.997. Milimita tatu za hewa. Mchora ramani alibofya pembeni kidogo ya mstari, jambo ambalo kwenye karatasi halina maana yoyote.

Kila programu ina kifaa cha kuunganisha nodi zilizo karibu. Unakipa umbali; zilizo ndani ya umbali huo zinakuwa moja. Umbali huo uwe mkubwa kuliko makosa ya mchoro na mdogo kuliko kipande kifupi kuliko vyote ulichokikusudia. Milimita 5 au 10 hutosha. Jamaa mmoja aliweka 500, kenchi yake ikajikunja kama dagaa waliokauka.

Kisa cha pili cha aina hii: boriti ndogo inaishia katikati ya boriti kubwa, lakini boriti kubwa haina nodi pale. Baadhi ya programu zinajigawia zenyewe, nyingine zinasubiri uigawe. Na cha tatu: memba mbili zimelala moja juu ya nyingine kwa sababu ulinakili mara mbili. Hiyo haileti onyo, inaleta uzito mara mbili na ukakamavu mara mbili, na ni mbaya zaidi kwa vile iko kimya.

Nikiachia msokoto pande zote mbili za memba?

Inazunguka kwenye mhimili wake kama mshikaki. Achia upande mmoja tu, au usiachie kabisa. Vilevile kani ya mhimili: ukiiachia pande zote mbili, memba inateleza kama droo.

Bresi za mshazari zinazopishana: niweke nodi pale katikati?

Kwa kawaida usiweke. Ukizikata zote mbili katikati na kuvipa vipande vyote vinne bawaba, ile nodi ya kati inashikwa vizuri ndani ya ubapa lakini hakuna kinachoizuia kutoka nje, kuelekea kwako au kuelekea ukutani. Ziache zipite bila kujuana. Ukiihitaji nodi, kwa sababu saiti zitafungwa bolti pale, basi angalau bresi moja iwe endelevu.

Swali lenye nyama zaidi ni bresi za kuvutwa tu, yaani nondo au pembe nyembamba ambazo zikibanwa tunahesabu hazipo. Kijana anachambua mzigo wa upepo, inatulia. Anachambua uzito wa jengo peke yake, muundo unaanguka. Inaonekana kama kichaa, lakini ni mantiki tupu: uzito unafupisha nguzo kidogo, mshazari nao unabanwa kidogo, programu inasema hii imebanwa, itoe, na ile nyingine imebanwa pia, itoe. Zimetoka zote, fremu imebaki na bawaba tupu.

Weka mvutano mdogo wa awali kwenye bresi, kama fundi anavyokaza kwa nati ya kukazia, au hakikisha kila mchanganyiko wa mizigo una nguvu ya ulalo. Hili la pili ni zuri hata kwa sababu nyingine, kwa kuwa hakuna jengo lililosimama wima kabisa. Kanuni ya zamani ya Uingereza, BS 5950, iliyoondolewa mwaka 2010, ilitaka nguvu ya kufikirika ya ulalo ya asilimia 0.5 ya mzigo wa wima uliokuzwa, na kanuni ya Ulaya ya Eurocode 3 inaanza na mwinamo wa 1 kwa 200. Na kumbuka, ukishatumia memba za kuvutwa tu huwezi kuchambua mizigo mmojammoja kisha ukajumlisha majibu. Kila mchanganyiko uchambuliwe peke yake.

Nimeweka mategemeo yaliyokazwa kwa sababu tunajenga juu ya mwamba. Si sawa?

Swali la Mwanza hili. Mawe ya huku ni granaiti, na mtu akiona jiwe kubwa kama nyumba kule Capri Point anasema hapa hapazunguki kitu. Jiwe halizunguki, kweli. Je, bamba la chini la nguzo? Likiwa na bolti mbili zilizokaa kwenye mstari wa katikati ya nguzo, ni bawaba hata ukilifunga kwenye jiwe la Bismarck. Kukaza kunahitaji bolti zenye umbali kutoka katikati, bamba nene lisilopinda, na nanga zinazoshikwa kweli na mwamba kwa kina cha kutosha.

Ninachokiona mara nyingi ni kinyume chake: mtu amepata onyo, akabadilisha mategemeo kuwa yaliyokazwa, onyo likaondoka, akasahau. Modeli sasa inamwambia kuna momenti ya kilonyutoni-mita 38 chini ya nguzo. Mchoro wake una bolti mbili. Tegemeo ni ahadi. Ukilikaza kwenye kompyuta umemuahidi fundi wa msingi kazi ambayo hujamwambia.

Uchambuzi wa kawaida unapita, wa P-Delta unakataa kufikia mwisho. Hii ni ileile?

Hapana, na hapa ndipo pa kuacha kubofya uanze kufikiri. P-Delta ni uchambuzi unaohesabu pia momenti inayoongezeka pale mzigo unaposogea pamoja na muundo. Bawaba za ziada zinaangusha modeli hata bila mzigo. P-Delta ikikataa, mara nyingi programu inasema ukweli: chini ya mzigo huu muundo unajipinda na kwenda.

Chukua mnara wa tenki la maji, kitu unachokiona kila mtaa kuanzia Kirumba hadi Nyegezi. Tenki la plastiki la lita 5000 likijaa lina tani 5 za maji, karibu kilonyutoni 49. Nguzo nne, kila moja inapata kama 12.3. Nguzo ni bomba la mraba la milimita 60 kwa 60, unene 3, urefu mita 6, miguu imekazwa. Ukipuuza mviringo wa kona, momenti ya pili ya eneo, yaani kipimo cha jinsi umbo la bomba linavyopinga kupinda, ni kama milimita 371,000 kwa kipeo cha nne. Mzigo wa Euler, yaani mzigo unaoifanya nguzo ijipinde, kwa urefu fanisi (urefu wa kuhesabia, unaotegemea ncha zimeshikwaje) wa mita 6 ni kama kilonyutoni 20.

Sasa angalia maungio ya juu. Boriti za jukwaa zikiwa zimelehemewa sawasawa na ni ngumu, juu ya nguzo hapazunguki, urefu fanisi ni karibu mita 6, uwezo ni chini kidogo ya 20. Umeweka bawaba pale juu na hakuna bresi? Kila nguzo ni fimbo iliyochomekwa ardhini, urefu fanisi ni mita 12, uwezo unashuka mara nne hadi 5.1. Unadai 12.3. P-Delta haiwezi kufika popote, na hata ule mnara usingefika. Chuma ni kilekile, tenki ni lilelile, kilichobadilika ni bawaba nne za juu. Weka boriti za ulalo katikati ya urefu na bresi za mshazari pande zote nne, urefu unakuwa mita 3, uwezo unaruka hadi 81. Hata 20 kwa 12.3 singeipigia mhuri. Akiba hiyo ni ndogo mno, na bado hujahesabu upepo.

Kwa hiyo P-Delta ikikataa, usiongeze idadi ya marudio kutoka 10 hadi 100. Punguza mzigo hadi nusu, kisha robo, uone inakubali wapi. Hapo umepata kukadiria mzigo wake wa kujipinda.

Jamvi la zege na boriti haviongei.

Meshi. Jamvi limegawanywa vipande vya nusu mita, boriti haijagawanywa, basi wanakutana kwenye kona tu na katikati jamvi linaelea. Gawanya boriti kwenye nodi zilezile za jamvi. Angalia pia nguzo au boriti inayochomekwa kwenye nodi moja ya vipande vya ujazo: hivyo vina njia tatu tu, za kusogea, havijui mzunguko, kwa hiyo hata ukidhani umekaza, umeweka kifundo cha mpira.

Nachora kivuko cha mbao na chuma kwenye mwalo. Nguzo zimechimbiwa ziwani.

Usiweke tegemeo la bawaba kwenye usawa wa tope na jukwaa la bawaba juu. Ni kile kitanda cha kukunja tena, safari hii chenye mawimbi. Ama nguzo ishikwe kwa springi za udongo kwa kina chake chote kilichozama, ama uweke bresi.

Madaraja nayo yana kosa lake. Mtu anajua chuma kinatanuka, anaweka matelezo kwenye mategemeo *yote*, daraja zima linateleza kama toroli. Mita 50 za chuma zikipanda joto nyuzi 20 zinatanuka milimita 12, kwa hiyo ndiyo, ziachie nafasi. Lakini mahali fulani lazima pashike kwa urefu, na pawepo pa kushika kwa upana. Vijana wanaopita daraja la Kigongo–Busisi siku hizi nawaambia waache kupiga picha maji tu, wajiulize kilomita 3 za daraja zinashikwa wapi na zinaachiwa wapi.

Fundi analehemu kila kitu mzunguko mzima. Bawaba zangu si uongo?

Ni uongo kidogo, na mwingi tunaishi nao. Boriti iliyofungwa kwa kibamba cha pembeni na bolti mbili inazunguka vya kutosha kuitwa bawaba. Boriti ileile ikilehemewa juu, chini na ubavuni inabeba momenti, na nguzo uliyoihesabu kwa mzigo wa katikati inapata momenti hujui. Fundi mmoja aliniambia, "Injinia, hii haiendi popote, nimeizungushia yote." Alidhani ananipa zawadi. Kwa boriti tulivumilia. Kwa nguzo ya pembeni tulikata tena.

Chora ungio. Usiandike tu neno bawaba kwenye ripoti. Chora bolti ngapi, wapi, na wapi pasilehemewe. Mara nyingi, ukikaa kuchora hivyo, ndipo unapogundua ule mlango wa kwenye modeli haupo kwenye chuma, au upo kwenye chuma na ulisahau kuuweka kwenye modeli.

Naruhusiwa kuweka springi dhaifu ili onyo liondoke?

Kwa mzunguko wa nodi ya kenchi, ndiyo, baada ya kuelewa. Kwa kusogea, hapana. Ukiweka, soma jibu la ile springi baada ya kuchambua. Likiwa karibu na sifuri, springi ilikuwa pambo. Likiwa na kilonyutoni hata moja, springi hiyo ni memba, na lazima umwambie fundi ainunue wapi.

Limebaki onyo moja, nodi moja, mzunguko tu, na mteja anataka michoro kesho asubuhi.

Jumla ya majibu inalingana na jumla ya mizigo? Msogeo mkubwa ni milimita, si kilomita? Ile nodi ukiikaza kwa mkono na kuchambua tena, nguvu za memba zinabaki zilezile? Kama yote matatu ni ndiyo, andika kwenye ripoti namba ya nodi, mwelekeo na sababu, kisha printi. Kama moja ni hapana, mpigie mteja simu usiku huuhuu, kabla hajamlipa mwenye lori la nondo.